Je, damu imerejea moyoni? Vipimo vinavyomsaidia daktari baada ya mshtuko wa moyo

MGONJWA anayepatwa na mshtuko wa moyo mjini Isiolo hukabiliwa na vikwazo viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni donge la damu lililouziba mshipa unaoulisha moyo wake. Cha pili ni barabara: takriban kilomita 280 kupitia Nanyuki, Karatina na Thika hadi Nairobi, ambako ndiko ziliko nyingi za maabara za humu nchini zenye uwezo wa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa huo na kuuzibua.

Kwa aliye Merti, Garbatulla au Oldonyiro, safari huanzia mbali zaidi. Kaunti ya Isiolo ina eneo la zaidi ya kilomita 25,000 za mraba, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu humo watu 268,002 pekee.

Ndiyo sababu, kwa wagonjwa wa maeneo kama haya, tiba inayoweza kuwafikia mapema ni dawa ya kuyeyusha donge, ambayo hudungwa mshipani bila kungoja mtambo wa Nairobi. Lakini punde tu dawa hiyo inapoingia mwilini, huzuka swali lisiloweza kujibiwa kwa macho: je, mshipa umefunguka na damu imerejea moyoni?

Matone machache ya damu yanaweza kusaidia kulijibu swali hilo. Ajabu ni kwamba jibu lenyewe mara nyingi huja kinyume na matarajio ya jamaa za mgonjwa, kwani kiwango kinachopanda kwa ghafla, ambacho huwatia hofu, huenda kikawa ndicho habari njema.

Moyo unapokosa damu

Moyo ni msuli, na kama misuli mingine, huhitaji damu yake wenyewe. Damu hiyo huletwa na mishipa midogo iliyouzunguka. Mafuta yaliyojikusanya kwa miaka mingi kwenye ukuta wa mshipa yanapopasuka, damu huganda mahali hapo, na donge hilo likiuziba mshipa kabisa, sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa nao huanza kufa.

Msuli huo haufi wote kwa mara moja. Huendelea kufa kwa muda wa saa kadhaa, na sehemu iliyokwisha kufa haioti tena; mahali pake hubaki kovu lisiloweza kusukuma damu. Kwa hivyo, kadiri mshipa unavyofunguliwa mapema ndivyo sehemu kubwa ya moyo inavyookolewa.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya matajiri wa mijini. Utafiti mkubwa wa INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52 zikiwemo za Afrika na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba visababishi vikuu ni vilevile kila mahali: sigara, mafuta mabaya katika damu, shinikizo la damu, kisukari, unene wa tumbo, msongo wa mawazo, ukosefu wa mboga na matunda, na kutofanya mazoezi. Fauka ya hayo, tafiti kutoka Yemen na nchi za Ghuba zimehusisha utafunaji wa miraa na mshtuko wa moyo. Hilo ni jambo la kuzingatiwa katika mji ulio karibu na milima ya Nyambene, inakolimwa miraa hiyo.

Dawa huokoa, lakini si wote

Uwezo wa dawa za kuyeyusha donge hauna shaka. Mwaka 1986, utafiti wa GISSI nchini Italia, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 11,000, ulionyesha kuwa dawa ya streptokinasi ilipunguza vifo, na kwamba waliopewa ndani ya saa ya kwanza ndio walionufaika zaidi: vifo miongoni mwao vilipungua kwa karibu nusu. Miaka miwili baadaye, utafiti wa ISIS-2 wa wagonjwa 17,187 ulibaini kuwa streptokinasi ikiambatanishwa na aspirini, vifo vilivyotokana na moyo na mishipa ya damu katika majuma matano ya kwanza vilishuka kutoka asilimia 13.2 hadi asilimia 8.

Hata hivyo, dawa hizi haziufungui mshipa wa kila mgonjwa. Katika utafiti wa GUSTO wa mwaka 1993, madaktari waliichunguza mishipa ya baadhi ya wagonjwa dakika 90 baada ya tiba kuanza. Miongoni mwa waliopewa alteplasi, dawa mpya zaidi wakati huo, damu ilikuwa ikipita kikamilifu kwa asilimia 54. Kwa waliopewa streptokinasi, ilikuwa takriban theluthi moja.

Hapa ndipo uzito wa swali letu unapoonekana. Wagonjwa wawili wanaweza kulala katika vitanda vilivyo karibu, wakapewa dawa ile ile kwa kipimo kile kile. Mmoja moyo wake ukawa unapata nafuu, na wa pili ukaendelea kufa kimyakimya.

Huyo wa pili hasaidiwi kwa kuongezewa dawa. Utafiti wa REACT wa nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2005, uliwafuatilia wagonjwa 427 ambao dawa haikuwafaa. Baada ya miezi sita, waliopelekwa kuzibuliwa mshipa kwa mrija walikuwa wameepuka kifo, mshtuko mwingine, kiharusi na moyo kushindwa vibaya kwa asilimia 84.6. Waliorudiwa na dawa walikuwa asilimia 68.7, na walioachwa na matibabu ya kawaida asilimia 70.1. Maana yake ni kwamba dawa ikishindwa, tiba iliyobaki ni safari.

Mto unaporudi

Chembe za msuli wa moyo zinapokufa, kuta zake hupasuka na protini zilizokuwa ndani humwagika. Tatu kati ya hizo ndizo zilizochunguzwa zaidi na wataalamu: mioglobini, kreatini kinasi ya aina ya MB ambayo kwa kifupi huitwa CK-MB, na troponini.

Ili kuelewa protini hizi zinavyofichua hali ya mshipa, yafaa kuutazama mto Ewaso Nyiro. Wakati wa kiangazi, sehemu za chini za mto huo hukauka, na matawi, majani na samadi ya mifugo hulala mchangani bila kwenda popote. Mvua ikinyesha katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, maji huteremka na kuyasomba yote kwa mkupuo mmoja. Anayesimama ukingoni upande wa Merti huona takataka nyingi zikipita kwa muda mfupi. Takataka hizo hazimwambii kwamba mto umeharibika. Zinamwambia kwamba maji yamefika.

Ndivyo ilivyo moyoni. Mshipa ukiwa bado umeziba, protini za chembe zilizokufa hubaki zimekwama katika eneo lisilopitwa na damu, zikivuja polepole kupitia njia za pembeni. Mshipa ukifunguka, damu inayorejea huzisomba na kuzimwaga katika mzunguko wa mwili mzima. Kiwango chake hupanda ghafla, hufikia kilele mapema, kisha huanza kushuka mapema.

Mathalani, CK-MB kwa mgonjwa ambaye mshipa wake haukufunguka hufikia kilele baada ya takriban saa 24. Kwa yule ambaye mshipa wake ulifunguka mapema, kilele hicho huja baada ya takriban saa 12.

Ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa kwa urahisi. Kasi ya kupanda huonyesha kama damu imerejea. Ukubwa wa kilele chenyewe, kwa upande mwingine, huashiria kiasi cha msuli uliokufa. Ndiyo maana jamaa anayeambiwa kuwa kipimo kimepanda mara tano ndani ya saa moja hapaswi kukata tamaa kabla ya kuuliza kimepanda lini na kwa sababu gani.

Kila protini na tabia yake

Mioglobini ni molekuli ndogo, na kwa sababu hiyo hutoka kwanza. Huonekana katika damu ndani ya saa moja hadi tatu tangu mshipa uzibe, na kwa kawaida hurudi katika kiwango chake cha awali ndani ya siku moja. Wepesi huo ndio uliowavutia watafiti waliotaka jibu la haraka. Kasoro yake ni kwamba hupatikana pia katika misuli ya mikono na miguu. Mtu aliyeanguka na kuumia, au aliyekazwa misuli na kazi ngumu, anaweza kuwa na mioglobini nyingi ilhali moyo wake hauna tatizo.

CK-MB hupatikana zaidi moyoni, ingawa si moyoni pekee. Huchelewa kidogo kuonekana, lakini hushuka ndani ya siku mbili au tatu. Kwa hivyo hufaa pia kumtambua mgonjwa aliyepatwa na mshtuko wa pili siku chache baada ya ule wa kwanza.

Troponini ndiyo inayoaminika zaidi leo katika kuthibitisha kuwa msuli wa moyo umeumia, kwa kuwa aina zinazopimwa ni za moyo. Sehemu kubwa yake imefungamana na nyuzi zinazoufanya moyo ujikunje, hivyo huendelea kuvuja kwa siku nyingi, wakati mwingine hadi juma la pili.

Uwiano wa sampuli mbili

Kipimo kimoja hakiwezi kuonyesha kasi, kama vile picha moja ya gari isivyoweza kuonyesha linakwenda mbio kiasi gani. Huhitajika sampuli mbili: ya kwanza kabla ya dawa kudungwa, na ya pili dakika 60 au 90 baadaye. Kisha kiwango cha pili hugawanywa kwa cha kwanza.

Tuseme mioglobini ilikuwa 100 katika sampuli ya kwanza na 500 katika ya pili. Uwiano ni tano. Kama ya pili ingekuwa 150, uwiano ungekuwa moja na nusu tu.

Mwaka 1999, watafiti wa mradi wa TIMI 10B nchini Marekani walichapisha matokeo ya hesabu kama hiyo kwa wagonjwa 442. Waligundua kwamba mioglobini ikipanda angalau mara nne katika dakika 60, au CK-MB mara 3.3, au troponini ya aina ya I mara mbili, uwezekano wa mshipa kuwa wazi ulikuwa karibu tisa kwa kumi.

Lakini uwiano mdogo haukuwa na uhakika huo. Wapo waliokuwa nao ilhali mishipa yao ilikuwa imefunguka. Kwa maneno mengine, kipimo hiki ni hodari wa kusema "ndiyo, umefunguka", lakini si hodari wa kusema "la, bado umeziba". Vilevile, hakitofautishi vyema mshipa uliofunguka kikamilifu na ule uliofunguka nusu.

Mipaka isiyopaswa kusahauliwa

Mgonjwa anayefika hospitalini saa nyingi baada ya maumivu kuanza huwa tayari ana protini nyingi katika damu. Uwiano wake huwa mdogo hata kama mshipa umefunguka, kwa sababu hesabu imeanzia juu. Hili lina uzito mahali ambapo safari ya kuifikia hospitali yenyewe ni ndefu.

Figo zinapokuwa dhaifu, mioglobini na hata troponini huweza kubaki juu. Sindano za msulini na kukandamizwa kifua wakati wa kuuamsha moyo uliosimama pia huvuruga matokeo ya mioglobini na CK-MB.

Kuna tatizo jingine lililo la kawaida zaidi. Vipo vibanzi vya kupimia troponini ambavyo huonyesha mstari mmoja au miwili, yaani hakuna au ipo. Kibanzi cha namna hiyo chaweza kusaidia kutambua kuwa moyo umeumia, lakini hakiwezi kamwe kujibu swali la mtiririko wa damu, kwa sababu hakitoi kiwango cha kugawanya. Anayetaka kutumia uwiano huhitaji mashine inayotoa tarakimu, na inayozitoa kwa dakika chache. Sampuli iliyotumwa mbali na kujibiwa kesho yake huwa kumbukumbu tu.

Umeme wa moyo kwanza

Kwa sababu hizo, miongozo ya kimataifa haikuipa damu nafasi ya kwanza. Nafasi hiyo imeshikwa na kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wengi hukijua kwa jina la ECG. Mashine yake ni ndogo, hubebeka, na jibu hupatikana papo hapo kwenye karatasi.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua tangu mwanzo nani apewe dawa, kwani dawa za kuyeyusha donge huwafaa tu wale ambao mchoro wao umenyanyuka kwa namna inayoashiria mshipa ulioziba kabisa. Mtu wa namna hiyo hangojewi majibu ya troponini. Ikiwa haiwezekani mshipa wake kuzibuliwa kwa mrija ndani ya dakika 120, miongozo hutaka apewe dawa ndani ya dakika 10 tangu atambuliwe, mradi hajapitisha saa 12 tangu maumivu yaanze na hana sababu ya kumzuia, kama vile kuvuja damu au kiharusi cha karibuni.

Kati ya dakika 60 na 90 baadaye, mchoro hurudiwa. Ile sehemu iliyonyanyuka ikiwa imeshuka kwa nusu au zaidi, maumivu yamepungua na mgonjwa ametulia, kuna matumaini kwamba damu imerejea. Isiposhuka kwa nusu, dawa huhesabiwa kuwa imeshindwa.

Vipimo vya damu basi ni shahidi wa pili. Hufaa pale mchoro unapokuwa mgumu kusomeka, au maumivu yanapokuwa si kigezo cha kuaminika, kwa mfano kwa mgonjwa aliyepewa mofini au mwenye kisukari ambaye hakuyahisi vizuri tangu awali. Aidha, mfululizo wa vipimo vilivyoandikwa pamoja na saa zake humsaidia daktari wa Nairobi kuyajua yaliyotokea kabla ya mgonjwa kumfikia.

Lakini shahidi wa pili hasubiriwi ndipo gari litafutwe. Katika utafiti wa STREAM wa mwaka 2013, uliowahusisha wagonjwa 1,892 ambao hawangeweza kuzibuliwa mshipa kwa mrija ndani ya saa moja, zaidi ya theluthi moja ya waliopewa dawa ya tenekteplasi walihitaji hatimaye kuchunguzwa mishipa kwa dharura. Hata wale ambao dawa iliwafaa, miongozo hutaka mishipa yao ichunguzwe kati ya saa mbili na saa 24 baadaye. Kwa hivyo ambulensi ya kutoka Isiolo hupaswa kuitwa wakati ule ule sindano inapodungwa. Vipimo vya baadaye huamua tu iwapo mgonjwa akifika atapelekwa moja kwa moja kwenye maabara au atapata nafasi ya kupumzika.

Saa ngapi hasa?

Hesabu zote tulizozitaja zinategemea jambo moja ambalo hakuna mashine inayoweza kulipima, nalo ni wakati maumivu yalipoanza. Hilo hulijua mgonjwa na jamaa zake pekee.

Hapa pana mtego katika lugha yetu. Anayesema kwamba baba alianza kuumwa saa mbili asubuhi ana maana ya saa ambayo hospitali huiandika 08:00. Karani asiyekuwa makini akiandika 02:00, mgonjwa atakuwa ameongezewa saa sita katika karatasi. Aliyefika saa nne asubuhi, akiwa na saa mbili tu za maumivu, ataonekana kama aliyekaa nayo kwa saa nane. Kosa dogo kama hilo laweza kupotosha uamuzi kuhusu dawa na pia tafsiri ya uwiano wa damu.

Ni vyema basi msindikizaji aeleze muda kwa namna isiyo na utata: baada ya sala ya alfajiri, mifugo ilipokuwa ikitoka zizini, au ni saa ngapi zimepita tangu hapo. Amtake pia muuguzi amsomee alichoandika.

Dalili za kumkimbiza mtu hospitalini ni maumivu au uzito kifuani unaodumu zaidi ya dakika chache, hasa ukienea kwenye bega, mkono, shingo au taya, pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi. Wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kuwa na uchovu na kukosa pumzi tu bila maumivu makali. Aspirini ya miligramu 300 ikitafunwa mapema husaidia, isipokuwa kwa mwenye mzio nayo au anayevuja damu.

Akishafika hospitalini na kudungwa dawa, jamaa wana haki ya kuuliza maswali matatu: ECG itarudiwa saa ngapi? Sampuli ya damu ya kabla ya dawa imechukuliwa na kuandikwa muda wake? Na gari la kumpeleka mbele limeshaitwa? Majibu ya maswali hayo hayahitaji mtambo wa mamilioni ya shilingi, bali karatasi, saa na simu.